Mtungi Mmoja, Dakika Ngapi?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema kweli, lakini kuna jambo moja walilotuachia wenyewe: hawakusema kibaba kitajaa saa ngapi. Ukikiweka chini ya paa linalovuja tone moja moja, kitajaa. Ukikiweka chini ya mfereji uliofunguliwa wote, kitajaa pia. Tofauti ni muda, na huo muda ndio ninaotaka tuuzungumze, msomaji mpendwa, maana humu shuleni watu wamewahi kusukumana, kununiana na kuitana wezi kwa sababu yake.

Katika mkutano wetu wa kwanza mwaka huu, chama kiliamua kwamba kila mwanachama achague mada moja tunayofundishwa kwa Kiingereza aieleze kwa Kiswahili. Wengi walikimbilia historia (ni rahisi, tusidanganyane). Mimi nilichagua fizikia, ile mada ya mwendo wa viowevu tuliyoisoma katika kidato cha pili. Mlezi wa chama alinipa sharti moja tu: nisieleze jambo ambalo msomaji hawezi kwenda kulipima mwenyewe. Basi nikaanza na mtungi.

Nilichukua mtungi wa lita 20 na saa ya mkono ya kuazima. Ilikuwa Jumapili alasiri, mifereji mingine yote imefungwa. Mfereji wa bweni la chini uliujaza mtungi kwa sekunde 50. Ukigawanya lita 20 kwa sekunde 50 unapata lita 0.4 kwa kila sekunde. Hicho ndicho kiwango cha mtiririko: ujazo wa maji yaliyopita, ukagawanywa kwa muda yaliochukua kupita. Hakuna siri nyingine. Nikapanda hadi bweni la juu na mtungi uleule. Huko nilingoja mpaka mguu ukafa ganzi. Mtungi ulijaa kwa dakika 4 na sekunde 10, yaani sekunde 250. Kiwango chake ni lita 0.08 kwa sekunde, sehemu moja ya tano ya kile cha chini.

Sasa tazama maana yake. Bweni la juu lina wanafunzi 80, na kila mmoja huoga kwa ndoo ya lita 10. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri, masomo ya alfajiri yanaanza saa kumi na mbili kasorobo. Hizo ni dakika 45, au sekunde 2,700. Kwa kiwango cha lita 0.08 mfereji ule utatoa lita 216 tu, yaani ndoo 21 na kidogo. Wale wengine 59 wafanye nini? Ndio hao unaowaona wakiingia darasani wamelowa uso peke yake, au wamechelewa na jina limeshaandikwa na kiranja. Na wadogo wetu wageni ndio husukumwa nyuma ya foleni kila siku. Tangi lilikuwa limejaa tele wakati huo wote! Watu husema "maji yapo" au "maji hayapo" kana kwamba habari imeishia hapo. Maji yanaweza kuwapo na yasikufikie kwa wakati.

Kabla hatujatafuta sababu, tusafishe maneno kidogo, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Tunaposema maji "yanatoka kwa nguvu" tunachanganya vitu viwili. Kuna kasi, yaani maji yanasafiri mita ngapi kwa sekunde. Kuna kiwango cha mtiririko, yaani lita ngapi zinapita kwa sekunde. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, ubane mdomo kwa kidole gumba. Maji yataruka mbali, hata ukamlowesha mwenzako aliye ng'ambo ya ua. Utasema nguvu imeongezeka. Lakini tia maji hayo ndani ya ndoo: ndoo haijai upesi zaidi, tena pengine itachelewa kidogo. Ulichoongeza ni kasi, si wingi.

Uhusiano wa vitu hivi ni mfupi. Kiwango cha mtiririko ni eneo la tundu likizidishwa kwa kasi ya maji. Chukua ule mfereji wa chini, lita 0.4 kwa sekunde, yaani sentimita za ujazo 400. Katika paipu yenye kipenyo cha sentimita 2, eneo la tundu ni sentimita za mraba 3.14, kwa hiyo maji yanatembea kama sentimita 127 kwa sekunde. Maji hayohayo yakilazimishwa kupita katika tundu la sentimita 1, eneo linakuwa robo ya lile la kwanza, na kasi inapanda mara nne hadi sentimita 509. Maji hayana mahali pa kujificha njiani. Yakiingia lita moja upande huu, lazima itoke lita moja upande ule. Mahali pembamba yatakimbia, mahali papana yatatembea polepole. Aliyewahi kufika kwenye maporomoko ya Lugard katika mbuga ya Tsavo Mashariki ameliona jambo hili kwa macho yake. Mto Galana unakuja umetandaa, mtulivu, halafu miamba inaubana katika mfereji mwembamba wa mawe na hapo unanguruma na kutoa povu. Mto ni uleule, maji ni yaleyale.

Kutazama upana peke yake na kusahau kasi ni jambo la kale. Katika mji wa Roma, mwaka wa 97, Mfalme Nerva alimteua Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya mji. Mzee huyu aliandika kitabu kizima kuhusu kazi yake. Warumi waligawa maji kwa ukubwa wa paipu: ukipewa kibali, unafungiwa kipande cha shaba chenye tundu la kipimo fulani, na hilo ndilo gawio lako. Hawakuwa na njia ya kupima kasi. Frontinus alipojumlisha hesabu, maji yaliyoingia na yaliyotoka hayakulingana na vitabu. Baadhi ya sababu ilikuwa wizi wa waziwazi: mafundi walikuwa wakiunganisha paipu pana nyuma ya kile kipande cha shaba, au wakitoboa njia za siri chini ya barabara. (Unaona, hata wakati huo!) Lakini aligundua pia kwamba maji yanayotoka mahali pa juu na kusafiri karibu huzidi kipimo, na yale yanayotoka mahali pa chini na kusafiri mbali hupungua. Hakuweza kuliwekea hesabu, lakini alikuwa ameshaugusa moyo wa jambo lenyewe: kimo cha maji na umbali wake.

Tuanze na kimo. Anayeisukuma maji ya tangi si pampu, ni uzito wa maji yenyewe. Kadiri uso wa maji tangini ulivyo juu zaidi ya mfereji wako, ndivyo presha inavyokuwa kubwa. Mwitalia Torricelli, aliyekuwa msaidizi wa Galileo katika miezi yake ya mwisho, alichapisha mwaka wa 1644 kanuni ya kasi ya maji yanayotoka katika tundu la chombo. Kasi haiongezeki sawasawa na kimo. Ukitaka kuongeza kasi mara mbili, sharti kimo kiongezwe mara nne. Ukitaka mara tatu, mara tisa. Kwa hiyo tangi lililoinuliwa kidogo halifanyi miujiza kwa mtu aliye bondeni, ambaye tayari ana kimo cha kutosha. Kwa mtu aliye karibu na usawa wa tangi ni habari nyingine, na hapo nitarudi.

Shule yetu imejengwa kwenye mteremko. Kwa kamba na ubao wa seremala tulipima, mimi na wenzangu wawili. Uso wa maji tangini uko mita 8 juu ya mfereji wa bweni la chini na mita 2 tu juu ya mfereji wa bweni la juu. Nane ni mara nne ya mbili. Basi kwa kanuni ya Torricelli, kama paipu zingekuwa sawa kwa urefu na upana, mfereji wa chini ungetoa mara mbili ya ule wa juu. Mtungi wa juu ungejaa kwa sekunde 100. Lakini ulikuwa unachukua sekunde 250! Kimo kilieleza sehemu ya tofauti, na sehemu kubwa ikabaki haina mwenyewe.

Bweni la juu walikuwa na mwenyewe tayari: wale wa chini. Ati wanaacha mifereji wazi usiku kucha. Nilipima tena siku ya Jumatatu alfajiri, mifereji yote ya chini ikiwa wazi, na mtungi wa juu ulichukua dakika 7. Kwa hivyo lawama ile ilikuwa na ukweli ndani yake. Paipu kuu ni moja, na wanaofungua bondeni hushusha presha ya walio mlimani. Kwa mwendo huo, bweni la juu lilikuwa likipata ndoo 12 kabla ya masomo. Lakini kumbuka kipimo cha Jumapili: wa chini walikuwa wamefunga, na bado maji yalikuwa ya kusuasua. Mwizi wa pili alikuwa mahali pengine.

Hapa inafaa tuingie ndani ya paipu. Maji yanayogusa ukuta wa paipu hayasogei, yamenata pale. Safu inayofuata inasogea kidogo, inayofuata zaidi, na maji ya katikati ndiyo yanayokimbia. Ni kama ukumbi wakati wa mapumziko: wanaopita kandokando wanakwaruzana na ukuta na walioegemea, wa katikati wanapeta. Kila mita ya paipu ni mita nyingine ya kukwaruzana, ndiyo maana paipu ndefu hupunguza maji. Kila kona na kila koki huongeza usumbufu wake.

Nchini kwetu mfano mkubwa wa jambo hili ni maji ya Mzima. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu hunywewa na mawe ya volkano na kutokea Tsavo Magharibi katika chemchemi za Mzima, pale watalii wanapoenda kutazama viboko. Katika miaka ya 1950 ililazwa paipu ya kupeleka sehemu ya maji hayo Mombasa, mwendo wa kilomita 220 hivi. Uwezo wake hutajwa kuwa kama mita za ujazo 35,000 kwa siku. Nilipoigawanya nilipata takriban lita 405 kwa sekunde, yaani mitungi 20 hivi ya lita 20 katika kila sekunde moja. Ukilisikia hilo utadhani ni bahari. Lakini Mombasa ya miaka hiyo si Mombasa ya leo, na paipu haijui kwamba watu wamezaana. Chemchemi inaweza kuwa na maji mengi kiasi gani, mji utapata kile tu ambacho tundu, kimo na umbali vinaruhusu.

Basi tukamngoja fundi wa mabomba, aliyekuja kurekebisha choo cha walimu. Nilimfuata nikamwonyesha daftari langu.

"Mzee, huenda ikawa ni tangi lina kasoro?"

"Tangi halina neno, kijana wangu. Hiyo laini ya juu ni ya chuma, tena ya zamani. Subiri nimalize hapa uone kitu."

Akaomba ruhusa ofisini, akafunga koki, akakata kipande kwa msumeno wa chuma. Jamani! Paipu ya inchi 3/4, ambayo ikiwa mpya inapitisha kidole gumba, ilikuwa imejaa kutu na ukoko kama wa sufuria ya ugali. Tundu lililobaki lilipitisha kidole changu kidogo, kwa shida. Kipenyo kilikuwa kimebaki theluthi mbili hivi.

Theluthi mbili si mbaya, utasema. Subiri. Eneo la tundu hufuata kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo limeshashuka chini ya nusu. Zaidi ya hapo, katika paipu nyembamba sehemu kubwa zaidi ya maji iko karibu na ukuta, mahali pa kukwaruzana. Ukiunganisha hasara hizo mbili, paipu iliyobaki na theluthi mbili za kipenyo hupitisha kama theluthi moja tu ya maji. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji hubaki kama sehemu moja ya sita. Nikarudi kwenye daftari: sekunde 100 zilizotarajiwa, sekunde 250 zilizopimwa. Mwizi wa pili alikuwa amepatikana, na alikuwa amekaa ndani ya ukuta miaka yote hiyo, wala hana godoro katika bweni lolote.

Hizo hesabu za theluthi na sita ni za maji yanayokwenda kwa vurugu, yenye vimbunga vidogovidogo ndani yake, na ndivyo yalivyo maji ya mfereji. Kuna mwendo mwingine, wa utulivu, ambapo kiowevu husonga safu kwa safu bila kuchanganyika. Mwaka wa 1883 Mwingereza Osborne Reynolds alionyesha tofauti hiyo kwa kupitisha uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo lenye maji: maji yakienda polepole uzi ulinyooka, yakienda kwa kasi ulisambaratika. Katika mwendo tulivu adhabu ya wembamba ni kali zaidi. Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kujua damu hupitaje katika mishipa myembamba, alipima viowevu katika vibomba vya kioo miaka ya 1840 hivi. Alikuta kwamba ukipunguza kipenyo kwa nusu, kinachopita hubaki sehemu moja ya 16. Moja ya 16!

Katika mwendo huo mnato ndio bwana. Mnato ni ule ukaidi wa kiowevu kukubali kutiririka. Asali inao mwingi, maji kidogo. Joto huupunguza: maji ya nyuzi 60 yana mnato usiofika nusu ya ule wa maji ya nyuzi 20, na asali iliyoganda chupani hukubali kumiminika ukiiweka juani. Mpishi wetu anajua somo hili kuliko mimi. Uji ukiwa moto huteremka wenyewe kutoka kwa upawa. Ukipoa, anaugonga upawa kwenye ukingo wa sufuria kama anayebisha hodi.

Nilipomweleza shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, habari za Poiseuille, alicheka. "Sisi hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku, mwanangu," akasema. Dripu ya mtu mzima mara nyingi hutengenezwa ili matone 20 yawe mililita 1. Daktari akiandika lita 1 kwa saa 8, hayo ni matone 20,000 kwa dakika 480, kama matone 42 kwa dakika, na muuguzi husimama na saa akiyahesabu. Hapo ndipo haba na haba yetu inapata saa yake. Lakini mgonjwa wa kipindupindu aliyekaushwa na kuhara hawezi kungoja matone. Huyo hutiwa sindano fupi iliyo pana, chupa ikainuliwa juu. Upana, ufupi, kimo: ni vitu vilevile vya mfereji wa bweni, ila sasa vinaamua kama mtu ataamka.

Laini ya juu ilibadilishwa wakati wa likizo, mita 18 za paipu ya plastiki badala ya chuma. Siku ya kufungua shule nilipima kabla sijatandika kitanda. Mifereji ya chini ikiwa imefungwa, mtungi ulijaa kwa sekunde 115. Si 100 kamili. Kona bado zipo na koki ni ile ya zamani. Kwa dakika zetu 45 hizo ni ndoo 46, zaidi ya mara mbili ya zile 21. Wanafunzi 34 bado wamebaki nje ya hesabu, na alfajiri wa chini wakifungua yao, idadi hiyo huongezeka.

Kilichobaki ni kimo. Tangi likiinuliwa mita 2, bweni la juu litatoka mita 2 hadi 4, na mtungi utajaa kwa sekunde 81 hivi. Ndoo zitakuwa 66. Bweni la chini litatoka mita 8 hadi 10 tu, kutoka sekunde 50 hadi 45, kwa hiyo kuinua tangi huwasaidia zaidi wale walio na shida. Hesabu hiyo tumeiandika kwa barua, pamoja na ombi la pili lisilo na gharama: mifereji ya chini ifunguliwe hadi saa kumi na moja u nusu, kisha ifungwe ili zamu iwe ya juu. Viranja wa mabweni yote mawili wametia sahihi. Barua iko ofisini kwa mwalimu mkuu, na kile kipande cha paipu chenye kutu tumekiweka juu yake.